Mrejesho: joto mwilini na uchovu nikiwa kwenye dawa ya tezi

Wapendwa, nimerudi. Mwezi wa tatu niliwauliza kwa nini nawaka joto na kuchoka hoi, nami nameza levothairoksini (dawa inayoshika nafasi ya homoni ya tezi) maikrogramu 125 kila siku tangu nitolewe tezi ya shingo kwa ajili ya goita. Asanteni sana kwa kunijali.

Dada uliyenisihi nisijipunguzie mwenyewe, nikapime TSH kwanza (kipimo cha damu cha homoni inayoiamuru tezi; dawa ikizidi, hushuka), Mungu akubariki. Ilikuwa 0.08, yaani dawa imezidi. Daktari akanishusha hadi 100, tukapima tena baada ya wiki 6: 1.4, kiwango cha kawaida.

Joto limekwisha. Ile kanga niliyokuwa nailoweka maji na kujifunika kifuani usiku, sasa imekunjwa kabatini. Moyo nao hauendi mbio.

Uchovu umepungua tu, haujaisha. Kumbe na damu (himoglobini) ilikuwa chini, 9.8. Nimeanza vidonge vya kuongeza damu; navimeza usiku, maana vinazuia dawa ya tezi kufyonzwa, lazima vipishane angalau saa 4. Ya tezi nameza alfajiri kwa maji matupu, chai baada ya saa nzima, kama mlivyonielekeza. Maji ya ndimu mliyonishauri hayakunisaidia.

Damu napima tena mwezi ujao.