Mjadala: Je, dereva wa tuktuk alikosea, au mama ana hasira za karibu?

Mama wa Kibokoni: Assalaam aleikum ndugu zangu. Jana jioni nilitoka sokoni Marikiti, hapa Mombasa, na kikapu changu, nikaingia katika tuktuk iliyokuwa na abiria mmoja, na dereva akageuka akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza tangawizi kwamba mimi ni "tipwatipwa wa viti viwili", kwa hiyo nilipe nauli ya watu wawili. Nililipa kwa sababu Magharibi ilikuwa imekaribia. Watu walicheka, na mmoja wa waliocheka alikuwa mwanamke wa rika langu. Nauli ni haki yake, lakini jina hilo alipewa idhini na nani kuniita?

Dereva wa Changamwe: Mama, kwa heshima zote, kazi yetu ni hesabu ya nafasi. Kiti cha nyuma ni cha watu watatu, na wakikaa wawili mafuta ni yale yale. Neno lilikuwa kali, nakubali, ila huenda alikutakia heri, kwani unene huleta presha na sukari.

Muuguzi wa Tudor: Kaka, hapo kwenye presha na sukari ndipo uliponichoma, kwa sababu kila anayemtukana mwanamke hujificha nyuma ya afya. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na nyonga si sawa na yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo. Haya ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo, na daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, aliandika tangu 1947 kuwa unene wa sehemu ya juu ya mwili ni tofauti na ule wa nyonga na mapaja. Mwanamke hachagui mafuta yakae wapi. Tangu balehe, homoni ya estrojeni huyaelekeza kwenye nyonga na mapaja, na hedhi inapokoma homoni hiyo hupungua, mafuta yakahamia kiunoni, hata kama sahani yake haikubadilika. Ndiyo maana sisi hupima kiuno kwa utepe: Shirika la Afya Duniani limeweka tahadhari kwa mwanamke anayezidi sentimita 80, na hatari kubwa zaidi akizidi 88. Kwa wanaume ni 94 na 102, nami nawaomba madereva wajipime kabla ya kuwapima abiria.

Dereva wa Changamwe: Sasa tumefika kwenye vitambi vya madereva? Dada, mtu anayeketi usukanini tangu alfajiri hadi usiku, chakula chake viazi karai na mahamri ya stendi, atatembea saa ngapi? Mke wangu hunitania kuhusu tumbo hili nyumbani, lakini hajawahi kuthubutu kulitaja mbele ya watu.

Muuguzi wa Tudor: Mbele ya watu, kaka. Soma tena alichoandika Mama.

Binti Kisauni: Ninyi mnawatetea wanene tu. Mimi tangu shuleni naitwa ng'onda na kimbaumbau, na kila harusi kuna shangazi atakayenishika kifundo cha mkono aniulize naumwa nini. Mama yangu alikonda kwa ajili ya maradhi ya tezi la shingo, katika miaka ile ambayo kila aliyekonda alidhaniwa ana ukimwi, na majirani wakaacha kunywa chai kwetu. Hakuna aliyerudi kuomba radhi.

Fundi wa Bondeni: Pole, binti. Lakini mimi hushona madera, nami nasema wazee wetu walisifu nyonga. Aibu hii ya unene imeletwa na simu. Hata yule Sara Baartman, mwanamke wa Kiafrika mwenye nyonga kubwa, aliyerudishwa Afrika Kusini mwaka 1994 ni fahari yetu.

Mwana wa Likoni: Fundi, 1994 ndio mwaka ambao Mandela aliomba arudishwe, mabaki yake yalizikwa kwao 2002. Na usimtaje kama mfano wa sifa. Alipelekwa London mwaka 1810 ili watu walipe kutazama makalio yake, akafariki Paris 1815, na hata maiti yake ikafanywa maonyesho ya makumbusho. Hata wale waliotoa pesa kumtazama walijiona wanamstaajabia. Mwanamke anayepigiwa mluzi kwa nyonga zake naye hakuombwa ruhusa.

Mwalimu wa Madrasa: Aya ya 11 ya Suratul Hujurat inakataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na imewataja wanawake kwa wanawake waziwazi. Bi Aisha alipoutaja ufupi wa Bi Safiyya, mke mwenzake, Mtume (s.a.w.) alimwambia kuwa amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari, lingeyaharibu. Sisi tunaishi kisiwani na bahari hiyo tunaiona kila siku.

Dereva wa Changamwe: Basi Mama, ungependa akuambie nini, na nafasi kweli ilikuwa finyu?

Mama wa Kibokoni: Angeniambia: "Mama, nafasi ni ndogo, nikupeleke peke yako kwa nauli ya wawili?" Ningekubali na kumwombea dua. Leo nimekwenda Marikiti na kurudi kwa miguu, kikapu kichwani, na kila tuktuk iliyopunguza mwendo nilijifanya sikuiona.