Kukereza nje ya kitovu kwa mashine ndogo: ncha inarudi kwenye tundu la zamani

Maranda_Tupu
Wakuu, naomba msaada. Nina mashine ndogo ya kukereza, ya kuweka mezani. Haina kishikio maalumu cha kuhamisha kitovu na sina mpango wa kukinunua. Nataka kutoa mguu wa pembe tatu zilizolala, ule unaoonekana kama umefinyangwa kwa mkono. Nimekereza mti wa milimita 50 ukawa duara safi, kisha nikasogeza kitovu milimita 4 kila mwisho. Tabu ni mbili: ncha ya upande wa mota inateleza na kurudi kwenye tundu la kwanza, na nikiwasha tu, mashine inatembea mezani kama mbuzi anayevuta kamba. Nakosea wapi?

Fundi_Bobari
Milimita 4 ni kidogo mno, ndugu yangu, ncha lazima irudi ilikotoka. Mimi nilihangaika hivyohivyo mpaka nikajifunza kuacha mti wa ziada, sentimita mbilimbili. Ukimaliza duara, kata miisho yote miwili ya mti kwa msumeno, matundu yaondoke nazo. Tafuta kitovu upya, fungua bikari milimita 8, chora duara. Usiiguse bikari, itembeze juu ya mstari huohuo, itagota mara sita. Chukua alama moja, ruka moja. Hizo tatu ndizo vitovu vyako, zitoboe kidogo kwa msumari mkali.

Kabla ya kuwasha, zungusha kwa mkono. Mti wako sasa unafika milimita 33 kutoka kwenye kitovu, si 25 tena, kwa hiyo egemeo la patasi lirudishe nyuma. Siku moja nilisahau, mti ukaligonga na kidole changu kilikuwa hapo katikati. Ukucha ulikaa mweusi miezi.

Hiyo safari ya mezani ni mwendo. Hamishia mkanda kwenye puli ya taratibu kabisa. Ukipunguza mwendo nusu, mtikiso unabaki robo, ndiyo maana puli inasaidia kuliko kukaza bolti. Mfuko wa mchanga juu ya miguu ya mashine nao si haba.

Ikizunguka utaona mti mzito katikati na kivuli pembeni. Kata kivuli tu. Bobari, yaani patasi yenye mfereji, iwe imenolewa sasa hivi, na usiisukume kuufuata mti, maana sehemu ya kila mzunguko inakata hewa. Kwa vipimo vyako, ukiondoa milimita 3 na kidogo kwenye kila kitovu, bapa tatu zinakutana na kingo zinatokea. Simama hapo.

Msasa80
Na msasa upige mashine ikiwa imezimwa, kwa mkono, kufuata urefu wa mti. Ukipiga inazunguka, kingo zote ulizozitolea jasho zinalainika, na vidole vinapigwa.

Maranda_Tupu
Nimerudi baada ya siku nne. Mashine imetulia, ncha hairudi tena. Ila kituko: ubapa mmoja umenyooka mwanzo hadi mwisho, ile miwili mingine inafifia kuelekea katikati, na hapo mti umebaki duara kama ulivyokuwa. Alama nilipima vizuri, nikaandika 1, 2, 3 kwa mwelekeo wa saa kila mwisho.

Fundi_Bobari
Hapo ndipo ulipojifunga. Ukiugeuza mti kutazama mwisho wa pili, mwelekeo wa saa nao unageuka. 1 imetazamana na 1, lakini 2 ya huku iko usawa wa 3 ya kule, kwa hiyo mhimili wako ulipita mshazari. Safari ijayo weka penseli juu ya egemeo la patasi, vuta mistari mitatu mwisho hadi mwisho, ndipo uandike namba.

Hicho ulichotoa usikichome. Changu cha namna hiyo nilikifanya mpini wa bobari, na tangu hapo haibiringiki tena ikaanguka kutoka mezani.