Chanjo za utotoni zinadumu mpaka lini? Surua imeingia darasani kwa mwanangu

Mama Wawili
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, leo hata chakula hakipiti. Mwanangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Jana mwalimu katuma ujumbe kwenye grupu la wazazi kwamba kuna mtoto ana surua, na huyo mtoto anakaa dawati moja na wangu.

Nimepekua sanduku zima mpaka nikaipata kadi ya kliniki. Imechanika kwenye mkunjo ila inasomeka: wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9. Kisanduku cha miezi 18 ni kitupu. Kipindi kile tulikuwa tunahama Mbeya kuja Dar, nikapitiwa. Je, ile ya surua ya miezi 9 bado ina nguvu baada ya miaka yote hii? Na zile za dondakoo, kifaduro na pepopunda, bado zimo mwilini?

Mtu wa Pwani
Pole dada. Ninavyosikia, zote huisha nguvu mtoto akianza shule. Bora aumwe surua yenyewe, ikipita ana kinga ya maisha.

Nesi wa Zamu
Mkuu hapo juu, nakuomba sana tusimpe mama wa watu ushauri huo. Watoto wa surua nimewahudumia. Mtoto anafika macho yameziba kwa tongotongo, mdomo una vidonda hata uji hauingii, kabla hujakaa sawa kichomi kimeshika. Na akipona bado: surua hufuta sehemu ya kinga ambayo mwili ulishajijengea dhidi ya magonjwa mengine, kwa hiyo miezi inayofuata anaugua ovyo.

Mama Wawili, kinga ya surua ikishashika mwilini hudumu miaka mingi mno. Shida ni kwamba si kila mtoto inamshika. Akiwa na miezi 9 bado anaweza kuwa na mabaki ya kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama yake, na mabaki hayo huidhoofisha chanjo. Kwa watoto 100 waliochanjwa umri huo, wanaokingwa ni kama 85. Dozi ya miezi 18 imewekwa kwa ajili ya hao 15 waliobaki. Wakipata zote mbili wanafika kama 97. Sasa mwanao yuko kundi gani? Kwa macho hatuwezi kujua, kwa hiyo apewe ya pili. Mpeleke kesho asubuhi na kadi. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa inaweza kuuzuia ugonjwa au kuupunguza makali.

Mwalimu Mstaafu
Mama, jaribu kukumbuka Oktoba 2019. Kulikuwa na kampeni ya surua na rubela nchi nzima kwa walio chini ya miaka mitano, na wako alikuwa na kama miaka mitatu. Hakuchanjwa?

Mama Wawili
Mwalimu, umenikumbusha! Alirudi kwa bibi yake kidole kimepakwa wino, nikamkosha usiku hautoki. Ila kwenye kadi hakuna kilichoandikwa.

Nesi wa Zamu
Basi huenda dozi ya pili alishaipata siku ile. Chanjo za kampeni mara nyingi haziandikwi kwenye kadi. Hata hivyo nenda, dozi ya ziada haimdhuru.

Kwenye swali lako la pili, hapo ndugu yetu wa Pwani ana ukweli kidogo. Kinga za kifaduro, pepopunda na dondakoo ndizo zinazochuja. Ya kifaduro hudumu takriban miaka 4 hadi 12. Pepopunda na dondakoo zinahitaji kuongezewa, na Shirika la Afya Duniani linashauri dozi tatu za nyongeza: mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, kisha kati ya 9 na 15. Kadi nyingi za hapa kwetu zinaishia wiki ya 14 kwa chanjo hizo. Pepopunda ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu vijidudu vyake viko kwenye udongo. Hata darasa zima likiwa limechanjwa, wako akikanyaga msumari hakuna wa kumkinga. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni tofauti: ukipima damu kinga unaiona imeshuka, lakini mwili bado unamkumbuka adui.

Mtu wa Pwani
Nashukuru kwa kunielewesha. Wangu wa darasa la tano kadi yake sijaishika miaka. Naitafuta leo.

Mama Wawili
Mrejesho: tumetoka kliniki saa tatu hii. Kachomwa ya surua na rubela begani, hakulia. Nimeuliza habari ya pepopunda, nimeambiwa nirudi Alhamisi. Nimemwomba dada wa kliniki aandike tarehe ya leo kwenye kile kisanduku kitupu, naye ameiandika kwa kalamu nyekundu.