Jengo la ghorofa 40 nyuma ya Azania Front: nitajuaje litakavyoonekana kutoka Kigamboni?

Mnazi_Mkinda
Wakuu, habari za leo. Ukisimama upande wa Kigamboni kabla ya kupanda pantoni unaona maji ya bandari, kuta nyeupe na vigae vyekundu vya kanisa la Azania Front jijini Dar es Salaam, halafu ile minara ya ghorofa 35 ya Sokoine Drive. Tuseme mwekezaji analeta mchoro wa jengo la ghorofa 40 mitaa michache nyuma ya kanisa. Kwenye picha za kompyuta majengo kama hayo huwa yamenywea, kama hayapo. Mwananchi, au diwani aliye kwenye kamati, atahakikishaje picha hiyo ni ya kweli? Na kama jengo halizibi kanisa, kosa lake ni lipi?

Pembetatu
Naanza na swali lako la mwisho, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mnara wa kanisa tunautambua kwa ncha yake inavyochora anga. Weka ukuta wa vioo nyuma yake, ncha inamezwa, ingawa hakuna kigae hata kimoja kilichozibwa. Kwa hiyo usiulize tu "linaziba nini?" Uliza nyuma ya ncha patabaki anga au patabaki jengo.

Hesabu yake ni ya pembetatu zinazofanana. Chukua kimo cha ncha ya kanisa, toa kimo cha jicho lako, zidisha kwa umbali wa kutoka kwako hadi jengo jipya, gawa kwa umbali wa kutoka kwako hadi kanisani, kisha jumlisha tena kimo cha jicho. Vimo vyote vipimwe kutoka usawa mmoja. Jibu ndicho kimo cha mwisho cha jengo la nyuma kabla halijachungulia juu ya ncha.

Mfano wa namba za kufanyia mazoezi: ncha mita 30, jicho mita 2, kanisa lipo mita 1,000, jengo mita 1,300. Unapata 28 × 1.3 + 2, yaani mita 38.4. Kwa mita 3.5 kila ghorofa, hizo hazifiki hata ghorofa 11. Jengo la ghorofa 40, mita 140 hivi, lingejificha tu kama lingekuwa karibu kilomita 4.9 kutoka kwako. Huko ni Magomeni, si mitaa michache nyuma ya kanisa.

Ukitaka kuliona kwa mkono, nyoosha mkono mbele. Kwa namba hizo kanisa linapungua kidogo tu upana wa kidole gumba. Jengo linapita vidole vitatu vilivyobanwa.

Ukitazama ukiwa ndani ya pantoni, linalopanda na kushuka na maji, kupwa na kujaa kusikutie wasiwasi. Maji ya bamvua hapa hupishana kwa mita 3 na ushei, lakini katika mfano huu jibu linasogea chini ya mita 1.

LenziHamsini
Mkuu Pembetatu kamaliza upande wa vimo. Kwenye picha, udanganyifu mwingi unatokana na lenzi. Kamera kuu ya simu nyingi ni sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 28 (milimita zikiwa chache, picha inachukua eneo pana na vitu vinakuwa vidogo). Picha ya milimita 24 inalifanya jengo la mbali kuwa karibu nusu ya litakavyotokea kwenye lenzi ya milimita 50, kisha picha ile ikichapwa ndogo kwenye ripoti, mnara unageuka kijiti. Dai lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) cha milimita 36 kwa 24, iwekwe kwenye stendi kwa usawa, kimo cha mita 1.6 kutoka ardhini. Ichapwe upana wa milimita 390 kwenye karatasi ya A3 na itazamwe ikiwa milimita 542 kutoka machoni. Hapo ukubwa kwenye karatasi unalingana na ukubwa unaouona ukisimama palepale.

Jengo halipachikwi kwa kukadiria. Mpima ardhi achukue nukta za pembe za majengo yaliyopo, kama zile za minara ya ghorofa 35, na modeli ya kompyuta yenye majengo hayo na jengo jipya iwekwe hadi nukta hizo zikae juu ya picha bila kuhama. Ripoti isiyoonyesha nukta hizo irudishwe.

Tena uliza kimo kinaishia wapi. Michoro mingi husimama kwenye paa la ghorofa ya mwisho, ikaacha chumba cha mashine za lifti, matanki ya maji, antena na bango la jina. Hivyo vyote vinaonekana angani.

Mnazi_Mkinda
Nashukuru sana wakuu. Je, wakisema "tulisimama hapohapo Kigamboni", inatosha?

Pembetatu
Haitoshi hata kidogo. Kwa mfano ule ule, ncha ikiwa na upana wa mita 6 na jengo mita 30, jengo likiwa limesimama nyuma ya ncha kabisa, ukisogea pembeni mita 63 tu linakuwa limeachana nayo. Mpiga picha anaweza kuhama makumi machache ya mita na kuchagua jibu analolitaka. Dai viwianishi (namba za ramani) vya kila kituo cha kupigia picha. Vituo viwe vitatu au zaidi, kimoja kikiwa majini kwenye njia ya pantoni, kwa sababu watu wengi wanaiona sura ya mji wakiwa safarini.

Na kituo cha karibu mno ni mtego: ukiwa mita 300 kutoka kanisani, jengo la mita 58 linajificha lote.

Baraza_la_Pwani
Naongeza mawili. Kule London, kuba la kanisa kuu la St Paul's linalindwa likitazamwa kutoka King Henry's Mound, Richmond Park, umbali wa kilomita 16 hivi. Hata hivyo mwaka 2016 kulizuka malalamiko makubwa baada ya mnara wa Stratford, ulio kilomita kadhaa nyuma ya kuba, kuonekana ndani ya mandhari hayo. Yaani kulinda njia ya mbele peke yake hakutoshi, anga ya nyuma nayo iangaliwe.

La pili, dai picha za saa 2 asubuhi na saa 11 jioni. Jioni jua linashuka upande wa mjini, minara inakuwa kivuli cheusi na kanisa linazama ndani yake. Hoja zako zipeleke kwa maandishi wakati wa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, pamoja na namba za kituo, lenzi na kimo, kabla msingi haujachimbwa.