Naomba ushauri: kasisi wa Yorkshire na wanawake wawili nyumbani kwake

Habari zenu wakuu. Mume wangu ni Mwingereza, nami ndiye nimejitwisha kazi ya kufuatilia ukoo wake. Babu yake mmoja wa zamani alikuwa kasisi msaidizi wa Anglikana karibu na York. Sensa ya 1841 inamtaja na wanawake wawili wasioandikiwa kazi, na sensa ile haikuonyesha uhusiano wa watu wa nyumba moja. Ya 1851 ndiyo ilianza. Dada zake? Watumishi? Orodha za Oxford na Cambridge hayumo, nahisi alisoma St Bees, chuo cha makasisi wasio na shahada. Crockford, kitabu cha orodha ya makasisi wa Anglikana, nayo ilianza 1858, alishafariki. Nianzie hati za upadirisho pale Borthwick, hifadhi ya nyaraka iliyoko York, au daftari za ndoa na maziko za parokia?