Ukoo wa Bibi, Likoni

Ami Mkubwa: Asalaam aleikum. Nimetoka ofisi ile ya serikali, mara ya 5 sasa. Gari lao lilivunja ukuta wa duka, hukumu ya kunilipa ninayo, muhuri upo. Karani asema "mzee, bajeti."

Shangazi: Waaleikum salaam, pole kaka. Si umpeleke dalali abebe mali yao? Mimi nilipochelewesha kodi alibeba hadi friji, na samaki wa watu ndani.

Binti Wakili: Shikamoo Ami, shikamoo Shangazi. Kwa serikali dalali hagusi kitu. Sheria ya Mashauri ya Serikali, kifungu cha 21(4), yamkataza. Serikali za kaunti nazo zimo.

Shangazi: Marahaba. Yaani walijitungia kinga?

Binti Wakili: Ni ya 1956, ya mkoloni. Tuliirithi nzima nzima.

Kaka Nesi: Lakini Shangazi, dalali akija kubeba ambulensi usiku, nani ataumia? Si yule karani.

Shangazi: Sawa, ambulensi ibaki. Ila kaka yangu alipwe!

Mdogo wa Nairobi: Hata Ikulu ilikuwa hivyo hivyo. Tume inayopendekeza majaji ilipeleka majina yao 2019, Mahakama Kuu ikasema 2020 rais lazima awateue. 2021 akateua 34, akaacha 6. Hao 6 waliapishwa 2022, chini ya rais mwengine. Kama mkubwa anachagua amri ya kutii, karani ataogopa nini?

Ami Mkubwa: Hilo ndilo laniuma. Mimi leseni ikipita siku moja, duka lafungwa.

Binti Wakili: Ami, usichoke. Ibara ya 2 ya Katiba yasema inamfunga kila mtu na kila chombo cha serikali. Njia ipo, ila ndefu. Siku 21 baada ya hukumu unaomba hati ya amri, karatasi ya korti inayotaja kiasi unacholipwa. Unampelekea afisa anayeidhinisha malipo. Akinyamaza, twarudi kortini imwamuru alipe. Akikataa tena, ni kudharau mahakama, na hapo anaitwa yeye kwa jina lake, si ofisi. Anaweza kufungwa.

Kaka Nesi: Hapo sasa.

Ami Mkubwa: Hakuna aliyeniambia habari ya hati. Miaka 2 naenda na hukumu peke yake! Yatolewa wapi?

Binti Wakili: Masjala ya mahakama ile ile iliyokupa hukumu. Nitakungoja mlangoni saa mbili.

Ami Mkubwa: Inshallah navuka na feri ya alfajiri.

Shangazi: Hukumu itie kwenye nailoni, kaka. Huku mawingu yamefunga.