Tupeane uzoefu: Gift, zawadi kwetu, sumu kwa Wajerumani. Wewe lilikukuta wapi?

Wakuu, salaam. Mimi naitwa Gift, jina la ubatizo, si la humu. Mama alikaa miaka saba kwenye ndoa bila mtoto. Nilipokuja akasema huyu ni zawadi, na kwa kuwa mtaani akina Zawadi walishakuwa watatu, akaniandikisha kwa Kiingereza. Nimetembea nalo Moshi hadi Dar, hakuna aliyeshtuka.

Nikaja Ujerumani kusomea uuguzi, mafunzo ya vitendo nikapangiwa nyumba ya wazee. Siku ya pili nikapewa beji ya kifuani: GIFT, herufi kubwa. Asubuhi naingia kwa bibi mmoja wa miaka tisini na ushee na trei ya vikombe vidogo vya vidonge. Bibi akavaa miwani. Akasoma beji. Akatazama kikombe. Akasoma tena beji. Halafu akafumba mdomo kama mtoto anayekataa uji.

Nikadhani hajalala vizuri, nikambembeleza kwa Kijerumani changu cha kuokoteza: "Mimi ni Gift, nimekuletea dawa." Yaani, mimi ni Sumu, kunywa! Na wauguzi huku wazee huwaita Schwester, dada, pamoja na jina la kwanza. Dada Sumu. Mkuu wa zamu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Jioni beji ikabadilishwa, likawekwa jina la baba.

Haya, leteni yenu.

Mbeba Boksi (Malmö):
Pole dada. Huku Sweden ndiyo balaa, maana neno hilohilo ni sumu na pia ni mtu aliyeoa au kuolewa. Wanalitamka "yift". Mwaka wa kwanza nikakuta fomu ina gift na ogift. Nikajua naulizwa kama nataka zawadi, nani akatae? Nikatia tiki. Baadaye naulizwa jina la mke, na mchumba yuko Tanga, mahari hata nusu sijafikisha. Halafu kwenye chumba cha kufulia nikaona boksi limeandikwa råttgift. Dawa ya panya. Hapo sikutia tiki.

Mkenya wa Rotterdam:
Aki mimi nilichomekea kwa ushuru. Kiholanzi gift ni mchango, kama sadaka; sumu wao huita gif ama vergif. Fomu ya ushuru iko na sehemu ya giften, pesa ulizotoa unapunguziwa. Nikajaza zote nilizotumia mathe mwaka mzima, mpaka za kurekebisha paa. Barua ikarudi: lazima iwe shirika linalotambulika. Mathe kuskia hatambuliki Uholanzi, akanikatia simu.

Mjuaji:
Hayo ni maneno tofauti, yamegongana herufi tu. Kama barn: Kiswidi ni mtoto, Kiingereza ni ghala. Hakuna undugu hapo.

Mwalimu Mstaafu:
Kwa barn uko sawa, mwanangu. Ya Kiswidi inatokana na kuzaa. Ya Kiingereza ni maneno mawili ya kale yaliyobanana, shayiri na nyumba. Lakini gift ni ukoo mmoja, wote wametoka kwenye kitenzi cha kutoa.

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa la mahari, wala si zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hiyo g nzito ya leo ilitoka kwenye lugha ya Waviking. Waswidi wakashika upande wa ndoa: binti hutolewa. Hata Mjerumani anayo bado Mitgift, mali anayokuja nayo bibi harusi.

Sumu ilipita mlango wa waganga. Wagiriki kipimo cha dawa walikiita dosis, maana yake kutoa. Wajerumani wakaifasiri kwa neno lao: Gift, kinachotolewa. Kutoka kipimo cha kuponya hadi kile kinachopenyezwa kwenye kikombe cha mgeni si mbali, na watu hawapendi kuita sumu sumu. Ikanata. Dosis hiyohiyo ikamfikia Mwingereza, ikateremka hadi kwetu, nasi tunaiita dozi.

Gift:
Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo mkononi nilibeba dozi na kifuani nikaandika dozi, basi tu bibi alisoma kwa Kijerumani! Bado anavikagua vidonge vyangu kimoja kimoja, na beji ya pili hiyo.

Mkenya wa Rotterdam:
Sister, swali la pembeni. Wewe ni gift ama ogift?

Mbeba Boksi (Malmö):
Huyo sasa Kiswidi kakijulia wapi?

Gift:
Lete mathe kwanza. Kwetu Moshi anatambulika.